Shambulio la Mapema: Wiki ya Wanyanga, Igisoro ya Masisi na Askofu wa Sataranji

Kila mchezo wa akili wenye pande mbili huanza na swali moja: nipige sasa, au nijijenge kwanza? Wacheza sataranji wa Ulaya wamelibishania swali hilo tangu mwishoni mwa karne ya 15, na sehemu kubwa ya ubishi wao imemhusu askofu: kete inayotolewa mapema, katika hatua ya pili tu, na kuelekezwa kwenye ubavu wa mfalme wa upande wa pili. Huku kwetu, mashariki mwa Kongo, swali hilohilo limekaa kwa muda mrefu katika michezo ya mbegu na katika utendi mkubwa kuliko zote unaojulikana kutoka Walikale, ule wa Mwindo.

Makala haya yanaliweka swali hilo mbele ya michezo mitatu: wiki ya Wanyanga, igisoro ya wasemaji wa Kinyarwanda pamoja na ndugu yake bao, na sataranji. Ninayo hoja ya kutetea. Shambulio la mapema lina thamani kubwa, na wanaolidharau kama papara ya wanagenzi hawajaisoma historia yake vizuri. Lakini katika michezo yote mitatu limemfaa yule tu aliyepiga huku nyuma yake amebakiza kitu: njia iliyo wazi, hesabu iliyokamilika, au akiba ambayo adui hajaigusa.

Milima na msitu

Masisi na Walikale ni teritware mbili zinazopakana katika mkoa wa Kivu Kaskazini, lakini msafiri anayetoka moja kwenda nyingine hubadilisha nchi kabisa. Masisi, isiyofika kilomita za mraba 5,000, ni vilima vya malisho, ng'ombe, jibini na mashamba ya maharage, magharibi na kaskazini-magharibi mwa Goma. Ukishuka kuelekea magharibi, malisho yanakwisha na msitu wa mvua unaanza. Hapo ndipo Walikale, teritware kubwa kuliko zote za mkoa, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nchi ya mto Lowa, ya wawindaji, ya migomba na ya njia ndefu zenye matope.

Bahunde wa Masisi na Wanyanga wa Walikale ni ndugu wa karibu kwa lugha na kwa mila za utawala. Pande zote mbili humwita mtawala wao mwami. Katika Walikale wapo pia Bakano na wengine; katika Masisi wapo Batembo, na wapo wasemaji wengi wa Kinyarwanda. Baadhi ya hao wa mwisho wana mizizi ya zamani katika eneo hilo, na makumi ya maelfu wengine waliletwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kupitia mpango wa uhamiaji ulioendeshwa kati ya 1937 na 1955, kwa ajili ya kupunguza msongamano nchini Rwanda na kupata vibarua wa mashamba ya walowezi. Historia hiyo imeacha majeraha ya ardhi na ya uraia ambayo bado hayajapona. Imeacha pia urithi ambao hautajwi mara nyingi: watu waliokaa vilima hivyo walikuwa na michezo yao ya kufikiri, kila jamii na wake.

Mwindo mbele ya Sheburungu

Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyekuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wanyanga, alimsikiliza msimulizi aitwaye Candi Rureke akiutongoa utendi wa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza, huku vijana wakimpokelea kwa midundo na viitikio. Kwa Wanyanga utendi wa namna hii huitwa karisi, na anayeumudu huitwa shekarisi. Biebuyck aliuandaa kwa kushirikiana na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene, ambaye baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Kitabu kilitoka mwaka 1969, na tangu hapo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya dunia bega kwa bega na Sundiata wa Mali.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti pekee, maana mabinti huleta mahari. Mke wake kipenzi akazaa mvulana, naye akatoka tumboni akitembea na kusema, mkononi ameshika conga, usinga wa mkia wenye nguvu za ajabu. Baba akajaribu kumuua kwa mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo akapona yote hayo, akafika kwa shangazi yake Iyangura, kisha akageuka kwenda kulipiza.

Kuanzia hapo utendi unakuwa somo la mashambulizi. Mwindo aliandamana na wajomba zake, jamii ya popo wahunzi, ambao kwanza walimfua mwili wake kwa chuma. Walipofika Tubondo, wajomba ndio waliotangulia vitani, naye akabaki nyuma akitazama. Waliteketea karibu wote. Wepesi na ujasiri walikuwa nao. Waliingia tu katika mji ambao ulinzi wake haujalegezwa, na hakukuwa na kikosi cha kuwafuata kwa wakati. Ndipo Mwindo akamwomba Nkuba, bwana wa radi, na radi ikaichoma Tubondo. Shemwindo akang'oa mmea wa kikoka na kutumbukia kuzimu. Baadaye Mwindo aliwafufua wajomba zake, lakini msikilizaji alikwisha kuona tofauti kati ya pigo lililotumwa peke yake na pigo lenye nguvu nyuma yake.

Mwindo akamfuata baba yake chini ya ardhi. Akapita kwa Muisa, bwana wa kuzimu, aliyempa kazi zisizowezekana, akasonga mbele hadi kwa Sheburungu, mungu muumba. Huko akawakuta watoto wenye njaa, akawalisha. Sheburungu akamwambia kwamba baba yake yupo, lakini kwanza wacheze wiki.

Wiki ni mchezo wa kamari wa Wanyanga unaochezwa kwa mbegu za mti wa isea. Ni mchezo wa jicho la haraka na hesabu ya papo kwa papo. Mwindo aliweka dau na akashindwa. Akaongeza, akashindwa tena. Mali ikaenda, mifugo ikaenda, watu wake wakaenda, mpaka akabaki peke yake na conga. Hapo akaliweka conga lenyewe kuwa dau la mwisho, na mchezo ukageuka. Alirudisha kila alichopoteza, kisha akakomba na mali ya Sheburungu: watu, mbuzi, ng'ombe. Mwishowe akampata baba yake, akamrudisha Tubondo, na badala ya kumuua akamsamehe na kugawana naye utawala.

Mtu anayeujua mchezo wowote wa ubao ataona mara moja kilichotendeka. Mwindo alianza kwa kasi, akimwaga rasilimali mezani, na kila dau lilimpa Sheburungu nafasi ya kupanda juu. Kilichomwokoa ni kwamba kitu chenye nguvu kuliko vyote hakikuwa kimetumika. Angaliweka conga katika dau la kwanza na kushindwa, utendi ungekwisha pale. Hii ndiyo fikra ya mpangilio wa nguvu: anayetangulia uwanjani asiwe yule ambaye huwezi kuishi bila yeye. Katika sataranji, kama tutakavyoona, anayetangulia ni askofu, na malkia hungoja.

Ubao wa igisoro

Mchezo wa wasemaji wa Kinyarwanda ni igisoro, na kuucheza ni kubuguza. Mwanaanthropolojia Alan Merriam, anayejulikana zaidi kwa utafiti wa muziki, aliuandikia makala mwaka 1953 kutokana na alichokiona kaskazini-mashariki mwa Rwanda. Ubao wake una safu nne za mashimo manane na mbegu 64, 32 kwa kila mchezaji, na kila mmoja anatawala safu mbili zilizo upande wake. Una undugu wa wazi na omweso wa Uganda, uliochezwa hata katika makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na wa mbali kidogo na bao la Waswahili, ambalo nalo lina mashimo 32 na kete 64.

Kanuni ya kuteka katika igisoro na omweso ndiyo inayoleta ladha. Mbegu yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu katika safu yako ya mbele, na yale mashimo mawili ya adui yaliyo mkabala, la mbele na la nyuma, yote yana mbegu, unayakomba yote mawili na kuzipanda mbegu hizo upande wako. Mbegu iliyotekwa haiondoki ubaoni. Inahamia kwako na kukupigania.

Kwa hiyo anayeteka wa kwanza anapata zaidi ya hesabu. Anapata pia hatua ndefu zaidi, kwa kuwa mbegu nyingi huzunguka mbali na kufikia mashimo mengi. Ndiyo maana wachezaji wakali hutafuta damu mapema. Lakini kanuni hiyohiyo inamlinda mwenye subira: ukiliacha shimo lako la nyuma tupu, lile la mbele yake haliguswi, hata liwe limejaa kiasi gani. Mchezaji anayerundika kila kitu mbele kwa tamaa ya kuteka, bila kuangalia mashimo ya nyuma yanavyojaa, huona rundo zima likihama kwa hatua moja. Mchezaji mzuri hupiga mapema huku nyuma amepaacha wazi kwa makusudi.

Bao la Waswahili limeliweka suala hili katika sheria zake. Mchezo huanza na kete kumi tu ubaoni kwa kila upande, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na kete 22 mkononi. Katika hatua hiyo ya namua mchezaji huingiza kete moja baada ya nyingine, na nafasi ya kula ikiwapo, ni lazima ale. Bao basi halimruhusu mtu kukaa kimya: linamlazimisha kushambulia tangu mwanzo, lakini linampa ghala la kete 22 la kuendeshea shambulio hilo. Mholanzi Alex de Voogt, aliyewatafiti mabingwa wa bao wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake mwaka 1995, alionyesha jinsi mabingwa hao wanavyoweza kuhesabu mizunguko mirefu kichwani. Ukali wao wa mapema umekaa juu ya hesabu hizo.

Tembo anageuka askofu

Sataranji ilizaliwa India, ikapita Uajemi, ikaingia kwa Waarabu na kutoka huko ikafika Ulaya. Katika sataranji ya kale, kete inayosimama mahali pa askofu ilikuwa tembo. Tembo huyo aliruka hatua mbili mshazari, hatua mbili tu, na katika mchezo mzima aliweza kufikia miraba minane kati ya 64. Hakuna aliyeweza kujenga shambulio la haraka juu ya kete dhaifu kiasi hicho. Ufunguzi wa mchezo ulikwenda taratibu, kila upande ukipanga majeshi yake kwa hatua nyingi kabla ya kugusana.

Mambo yaligeuka katika robo ya mwisho ya karne ya 15, huko Hispania na Italia. Malkia alipewa uwezo wa kwenda pande zote kwa umbali wowote, na askofu akapewa mshazari wote. Shairi moja la Valencia la miaka ya 1470 ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa sheria hizi mpya. Ghafla mfalme akawa anaweza kufa kabla jua halijapanda. Mwaka 1497 Luis Ramírez de Lucena alichapisha Salamanca kitabu cha sataranji ambacho ndani yake umo tayari ufunguzi tunaouzungumzia: askari wa mfalme mweupe anasogea miraba miwili hadi e4, mweusi anajibu kwa e5, kisha askofu mweupe anatoka f1 na kutua c4.

Tazama anachokitazama askofu akiwa c4. Mshazari wake unakwenda moja kwa moja hadi f7, mraba ambao mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake. Ndiyo sehemu laini kuliko zote katika kambi ya mweusi. Kutoka hapo likazaliwa lile shambulio ambalo kila mtoto anayejifunza sataranji hulipata na kulipenda: malkia anakwenda h5, askofu yuko c4, na adui asipoangalia anauawa katika hatua ya nne kwa malkia kula f7.

Mwitaliano Gioachino Greco, mzaliwa wa Calabria, ndiye aliyefanya mitego ya aina hii kuwa sanaa. Katika miaka ya 1620 alizunguka Paris na London akicheza na kuuza miswada yake iliyojaa michezo mifupi na mikali. Kizazi baada ya kizazi cha Ulaya kilijifunza kutoka kwake kwamba kasi ni silaha.

Philidor anabadili sababu

Karne moja baadaye akaja mtu aliyeupenda ufunguzi huohuo kwa sababu tofauti kabisa. François-André Danican Philidor alikuwa mtunzi wa opera wa Kifaransa na mchezaji hodari kuliko wote wa zama zake. Kitabu chake cha mwaka 1749 kilifundisha kwamba askari, zile kete ndogo zinazodharauliwa, ndizo zinazoamua sura ya vita. Kwa mtazamo huo Philidor alimtanguliza askofu mbele ya farasi. Farasi akienda f3 mapema, alisema, anamziba askari wa f. Askofu akitoka kwanza, askari huyo anabaki huru kusonga hadi f4 na kubomoa kituo cha adui.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, historia ya ufunguzi huu inapofikia ukomavu wake. Greco alimtoa askofu ili aue. Philidor alimtoa askofu ili wengine nyuma yake wapate njia. Hatua ni moja, lakini mchezaji wa pili ana mpango unaodumu hata adui akiuona mtego.

Karne ya 19 ilirudi kwa Greco kwa moyo wote. Nahodha William Evans, mwana wa Wales, alibuni miaka ya 1820 kafara ya askari wa b ili kumpa askofu kasi zaidi. Mwaka 1851 mjini London, Adolf Anderssen alicheza na Lionel Kieseritzky mchezo wa kirafiki uliokuja kuitwa wa Milele. Askofu alitoka hatua ya tatu. Anderssen akatoa kafara askofu mmoja, ngome zote mbili na malkia, kisha akamfunga mfalme mweusi kwa askofu aliyebaki, hatua ya 23. Hadi leo ni miongoni mwa michezo inayoonyeshwa sana kwa wanafunzi.

Lakini ulinzi ulikuwa ukikua. Wachambuzi wa miaka ya 1840, akiwemo Mrusi Carl Jaenisch, walionyesha kwamba mweusi akijibu mara moja kwa farasi kwenda f6, anamgusa askari wa e4 na kupata mchezo mzuri. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza rasmi wa dunia mwaka 1886, akaja na fundisho zito zaidi: mchezaji hana haki ya kushambulia mpaka awe amekusanya faida ndogondogo zinazolibeba shambulio hilo. Wengi wakamwelewa kwamba askofu wa mapema amepitwa na wakati. Kwa miongo mingi ufunguzi huu ukaachwa kwa wanafunzi na wapenda mambo ya kale.

Aliyeurudisha kwenye meza za mabingwa ni Mdenmark Bent Larsen. Mwaka 1964, katika mashindano ya Interzonal ya Amsterdam, aliutumia dhidi ya wachezaji wa daraja la juu na kumaliza akigawana nafasi ya kwanza na Smyslov, Spassky na Tal. Larsen hakukimbilia f7. Alimweka askofu c4, akamlinda askari wa e4 kwa kusogeza wa d hadi d3, na kucheza kwa utulivu juu ya nafasi ambayo wapinzani hawakuizoea. Mwaka 1963 Bobby Fischer naye alikwisha kumtoa askofu hatua ya tatu katika kafara ya askari wa mfalme dhidi ya Larry Evans, akashinda. Na mwaka 1995 mjini Riga, Garry Kasparov alifufua kafara ya Nahodha Evans na kumshinda Viswanathan Anand katika hatua 25.

Faida zake, zikihesabiwa vizuri

Kutokana na safari hiyo tunaweza kusema ni kwa nini askofu wa mapema anafaa, hasa kwa mchezaji kijana wa klabu au wa shule.

Kwanza, anatoka bila kumzuia mtu. Askari wa f yuko huru, farasi wote wawili wana njia, na mfalme amebakiza hatua chache tu kuwekwa ngomeni. Ni mara chache kete moja inaposhambulia na wakati huohuo kufungua nyumba.

Pili, anamnyima mweusi mambo aliyoyakariri. Mpinzani aliyejiandaa kwa ule ulinzi wa Kirusi, ambao humsubiri farasi mweupe kwenye f3 ili kumjibu kwa farasi wa f6, hakuti alichokitegemea, na inambidi afikiri peke yake tangu hatua ya pili.

Tatu, anampa mweupe uchaguzi. Mweusi akileta farasi f6, mweupe anaweza kwenda kwa utulivu wa Larsen, d3, au kwa ukali wa Mwanamfalme Sergei Urusov, mchezaji wa Kirusi wa karne ya 19: askari wa d anasogea d4, mweusi anamla, farasi mweupe anatoka f3 na kuacha askari mmoja apotee ili kete zake zote zitoke haraka. Uchaguzi huo wa kasi na utulivu unabaki mkononi mwa mweupe.

Hasara zake zipo, na anayefundisha ufunguzi huu bila kuzitaja anawadanganya wanafunzi. Askofu aliyetoka peke yake anaweza kufukuzwa na askari: mweusi akiweka c6 kisha d5, mweupe anapoteza muda akirudi nyuma. Na malkia akifuatana naye mapema hadi h5, mchezaji mwenye macho atasogeza askari wa g hadi g6, malkia atakimbia, na mweusi atakuwa ameendeleza jeshi lake kwa gharama ya adui. Hapo wajomba wa Mwindo wameingia tena Tubondo bila radi.

Waswahili wanasema haraka haraka haina baraka, na haohao wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Michezo hii inatufundisha namna ya kuziweka methali hizo mbili katika akili moja. Mchezaji wa igisoro anateka mapema na kuacha shimo la nyuma tupu. Mchezaji wa bao anakula kwa sababu analazimika, na ghala lake linamruhusu. Mwindo anapoteza yote isipokuwa kile kimoja. Philidor anamtanguliza askofu ili askari apate njia. Wote hao wamepiga kabla ya kupigwa, na wote wamejua ni nini wasichokiweka mezani siku ya kwanza.

Kwa nini haya yaandikwe sasa

Tangu vita vya 1993 vilivyoanzia Ntoto, katika Walikale, na kuenea hadi Masisi, watu wa teritware hizi wamehama, wakarudi, wakahama tena. Migodi yake ya Rubaya na Bisie inajulikana duniani kwa koltani na kasiterite. Wachache sana wanajua kwamba katika nchi hiyohiyo kuna utendi ambamo binadamu anakaa chini na kucheza mbegu na muumba wake. Mzee anapokufa ukimbizini, yale anayoyajua kuhusu wiki, kuhusu nyimbo za karisi, kuhusu namna ya kubuguza, huenda naye. Rureke alisimulia mbele ya mtafiti mwenye daftari. Wasimulizi wengi wa kizazi chake hawakuwahi kumpata mtu kama huyo.

Sataranji kwa upande wake inasonga katika kanda yetu. Kampala, Robert Katende aliianzisha miongoni mwa watoto wa mtaa wa Katwe, na mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi za sataranji za 2010 na 2012. Mwaka 2007 Amon Simutowe wa Zambia, nchi jirani yetu kusini, alitimiza masharti ya kuwa bingwa mkuu, wa kwanza kutoka nchi hiyo. Katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, ambako Wakongo wengi wamepata hifadhi, Shirikisho la Sataranji Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walianzisha mwaka 2021 mpango wa kuwafundisha vijana wakimbizi mchezo huu. Ubao na kete 32 ni mzigo mwepesi. Hata aliyepoteza nyumba anaweza kuubeba.

Naamini michezo hii ifundishwe pamoja. Mwalimu wa Masisi au Walikale anayewaonyesha watoto askofu wa c4 awaombe pia wawaulize bibi na babu zao jinsi wiki inavyochezwa na jinsi ubao wa igisoro unavyopangwa. Mtoto ambaye amekwisha kuhesabu mbegu zinazozunguka mashimo 16 hatashindwa kuhesabu hatua tatu za askofu. Na mtoto wa Kihunde, wa Kinyanga, wa Kitembo na wa Kinyarwanda wakikaa kwenye ubao mmoja, watajifunza kushindana kwa sheria ambazo wote wamezikubali.

Ombi langu kwa walimu, maparokia, vyuo vya Goma na Bukavu na kila msomaji aliye na mzazi kutoka vilima na misitu hiyo ni hili: mkalisheni mzee chini mwaka huu, mrekodini akieleza sheria za mchezo wake kwa lugha yake, jina la kila kete, kila shimo na kila hatua, na nakala moja ibaki kijijini. Simu za kurekodia tunazo. Wazee wanaozijua sheria hizo wanazidi kupungua, na katika kazi hii wanaotakiwa kuanza mapema ni sisi.